Kompyuta ya mashine ya CNC (Pentium III): nikiweka kadi ya mtandao mashine inaganda katikati ya kazi. Msaada, na mrejesho ndani ya uzi

#1 Tarakimu_77

Wakuu habari za jioni.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu na kompyuta za zamani, zile za enzi za Windows 98. Najua wapo watakaoniambia niitupe, lakini naomba msome hadi mwisho kwanza.

Kuna karakana ya samani Keko ambako huwa naitwa kutengeneza kompyuta. Wana mashine ya CNC ya kuchonga mbao (inayoongozwa na kompyuta), mtumba kutoka Italia, na ilikuja na kompyuta yake. Ndani ya hiyo kompyuta kuna kadi moja ndefu inayoendesha mota zote za mashine. Kadi hiyo imechomekwa kwenye sloti nyeusi ya ISA, aina ya zamani ya sloti za kadi. Mashine inafanya kazi vizuri, inachonga milango na vichwa vya vitanda, na familia kadhaa zinakula kupitia hiyo mashine.

Kompyuta ni Pentium III ya 500 MHz, RAM 128 MB, diski ya GB 6.4, Windows 98 SE. Mazabodi ina sloti ya AGP moja (ya kadi ya picha), PCI nne (aina iliyokuja baada ya ISA) na ISA mbili.

Michoro walikuwa wanaihamisha kwa flopi. Flopi zimekwisha uhai, katika tano moja ndiyo inasoma. Mwenye karakana akaniomba niweke kadi ya mtandao ili michoro itoke moja kwa moja kwenye laptop ya mchoraji. Nikaweka kadi ya PCI yenye chipu ya RTL8139, dreva ikakubali, nikaweka seva ndogo ya FTP (ya kuhamisha faili) kwenye laptop, na kule Windows 98 unafungua dirisha la DOS unaandika ftp. Faili likapita kwa sekunde mbili. Kila mtu akafurahi.

Tukaweka ubao wa mninga, tukaanza kazi. Dakika ya nne hivi meza ikasimama ghafla. Skrini imeganda, lakini mota ya kukatia inaendelea kuzunguka, biti (kisu chake) imekaa palepale ndani ya ubao. Kabla fundi hajakimbilia kitufe chekundu moshi ulishaanza kutoka. Mlango mzima wa mninga una tundu jeusi katikati ya ua.

Nikitoa kadi ya mtandao, mashine inapiga kazi siku nzima. Nikiirudisha, inaganda, mara dakika ya nne, mara ya ishirini. Nimebadilisha kadi nyingine ya aina ileile, hali ni moja. Nimeingia kwenye orodha ya vifaa ya Windows, hakuna alama ya njano hata moja. Windows inasema hakuna mgongano wowote.

Ubao ule ni hasara yangu, nimeshakubaliana na mwenye karakana. Ninachotaka ni kuelewa. Natanguliza shukrani.

#2 Bamia_Kavu

Mkuu, kompyuta yenye miaka zaidi ya 20 unaihangaikia ya nini? Nenda Kariakoo, chukua mtumba wa Core i5, ongeza SSD, hamisha programu, maisha yaendelee.

#3 Tarakimu_77

Ndugu, ningefanya hivyo wiki iliyopita. Tatizo ni ile kadi ndefu. Hiyo Core i5 haina sloti ya ISA. Microsoft na Intel walishaelekeza kwenye mwongozo wao wa PC 99 kwamba kompyuta mpya zisiwe na ISA, na baada ya hapo zimebaki chache za viwandani ambazo bei yake siwezi kumtajia mwenye karakana. Kubadilisha kadi maana yake ni kubadilisha mfumo mzima wa kuendesha mashine, waya hadi mota.

#4 MzeeWaJampa

Tarakimu, umeeleza vizuri, ahsante. Kabla sijasema neno nijibu haya:

Kadi ya ISA ina mguu wa vipande viwili au kimoja? Ina vijampa, vile vifuniko vidogo vya pini vya kuchagulia namba? Kama vipo, vimekaa kwenye namba gani? Halafu ukiwasha kompyuta, baada ya kuhesabu RAM, linatokea jedwali jeupe linaloorodhesha vifaa vya PCI kabla ya Windows kuanza. Bonyeza kitufe cha Pause pale pale, usome safu ya mwisho kulia. Niandikie kila kilichopo.

#5 Tarakimu_77

Shikamoo mzee. Nimetoka huko sasa hivi.

Mguu ni wa vipande viwili. Jampa zipo. Safu ya kwanza imeandikwa 3 4 5 7 10 11 12 15, na kijampa kimekaa kwenye 11. Safu ya pili ina anuani, imekaa 300.

Jedwali nimelinakili kwa mkono maana picha ilitoka na ukungu:

Serial Bus Controller, 9
Display Controller, 10
10EC 8139 Network Controller, 11

#6 MzeeWaJampa

Marahaba kijana. Jibu umeshaliandika mwenyewe. 11 na 11.

Nieleze taratibu kwa sababu wengi wanaofungua kompyuta leo hawajawahi kukutana na hili. Kila kifaa kikitaka kusikilizwa na prosesa kina njia yake ya kuita, ndiyo IRQ. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya 1981 ilikuwa na njia 8. Ya AT ya 1984 ikaongezewa nyingine 8, ila moja inaliwa kwa kuunganisha makundi hayo mawili, zinabaki 15. Saa, kibodi, flopi, kipanya, diski, poti za serial (COM) na printa zimeshachukua zake. Kwenye mazabodi kama yako zinazobaki za kugawana ni 5, 9, 10 na 11.

Chukua mfano wa daladala. Konda akigonga bodi, dereva anajua kuna wa kushuka. Kadi ya ISA ni konda anayegonga mara moja tu halafu ananyamaza. Dereva asipousikia mlio ule, basi, kituo kimepita. Kadi ya PCI ni konda anayeshikilia kengele mpaka dereva amhudumie, na akiulizwa nani kaita, anajibu mimi. Ndiyo maana kadi mbili tatu za PCI zinaweza kutumia IRQ moja bila ugomvi. Lakini ukimweka yule wa kugonga mara moja pamoja na huyu wa kushikilia kengele, mlio wake unapotelea ndani ya kelele ya mwenzake. Kwako ukapotea, programu ya mashine ikakaa inasubiri mwito ambao haurudi. Mota ya kukatia yenyewe haina habari, inaendelea.

Hapo pia ndipo penye jibu la alama ya njano. Windows inakuambia habari za vifaa inavyovijua. Kadi yako ya ISA haina Plug and Play (uwezo wa kifaa kujitambulisha chenyewe), ambayo kwa ISA ililetwa 1993, na programu yake inaongea nayo moja kwa moja bila dreva ya Windows. Itafute kwenye orodha ya vifaa, hutaiona. Kwa hiyo Windows iliposema hakuna mgongano ilisema kweli kwa kadiri ya inachokiona. BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, nayo ni hivyo hivyo, iliona 11 haina mwenyewe ikaigawa.

Cha kufanya: ingia BIOS kwa kubonyeza Delete, tafuta ukurasa wa "PnP/PCI Configurations". "PNP OS Installed" weka No. "Resources Controlled By" weka Manual. Zitafunguka namba za IRQ, nenda IRQ-11 ibadilishe kuwa "Legacy ISA". Hapo unaiambia BIOS kwamba hii ina mwenyewe hata kama humwoni. Halafu "Reset Configuration Data" weka Enabled ili ile kumbukumbu ya mgawo wa zamani ifutwe. Hifadhi, toka, rudi kwenye jedwali usome tena.

#7 Kitasa

Mzee Jampa heshima yako. Kwani isingekuwa rahisi kuhamisha jampa ya kadi ya ISA kwenda 5 na kuachana na BIOS?

#8 MzeeWaJampa

Ingewezekana, lakini mimi siigusi. Programu ya mashine imeandikiwa mahali fulani kwamba kadi iko 11. Ukihamisha jampa lazima ulijue hilo faili na ulibadilishe. Na kadi yenyewe imekaa pale miaka yote bila kusumbua. Kwenye kazi za namna hii anayehama ni mgeni, mwenyeji anaachwa. Mgeni hapa ni kadi ya mtandao.

Na Tarakimu, mtu asikushauri uzime poti ya printa ili kupata IRQ 7. Mashine nyingi za aina hiyo zina kile kifunguo cha programu kinachochomekwa nyuma kwenye poti ya printa. Ukiizima, programu haifunguki.

#9 Tarakimu_77

Ni kweli mzee, kipo, cha rangi ya kijivu, na nilikuwa najiuliza kazi yake. Nimepata woga kidogo maana nilishafikiria kukitoa nipate nafasi.

#10 PwaniHadiBara

Niko Mombasa. Nafuata huu uzi kwa karibu, ndugu zangu. Zamani kwenye duka letu la saiba tulikuwa na kompyuta yenye kadi ya sauti ya Sound Blaster 16 iliyokaa IRQ 5, na kadi ya mtandao ya ISA aina ya NE2000 ambayo mtu alikuwa ameiweka 5 pia. Ukicheza muziki, mtandao unakatika. Ukifungua mtandao, sauti inarudia neno moja kama santuri iliyokwaruzwa. Tulinunua kadi mpya ya sauti, ikawa vilevile. Alikuja mzee mmoja na bisibisi akahamisha jampa ya mtandao hadi 10, hakuchukua hata dakika kumi.

Swali kwa Tarakimu: kadi ya mtandao umeiweka sloti ya ngapi?

#11 Tarakimu_77

Ya kwanza, karibu na AGP, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi bila waya mbele yake.

#12 PwaniHadiBara

Itoe hapo. Kwenye bodi nyingi za umri huo PCI ya kwanza na AGP zimeunganishwa kwenye waya mmoja wa mwito, kwa hiyo zitapewa IRQ moja. Haitavunja kitu kwa sababu zote zinajua kushirikiana, lakini kwa mashine inayohesabu hatua za mota kadi ya picha iache peke yake. Jaribu ya tatu.

#13 Tarakimu_77: MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, nimefanya kama mlivyoelekeza.

Nilizima umeme ukutani, nikagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Ndani kulikuwa na unga wa mbao umejaa mpaka kwenye feni ya prosesa. Nimeutoa kwa brashi laini ya rangi, miguu ya kadi zote mbili nimeisugua kwa kifutio cha penseli mpaka dhahabu ikaonekana. Kadi ya mtandao nimeihamishia PCI ya tatu. BIOS nimeweka kama mzee alivyosema.

Jedwali sasa linasoma: Serial Bus Controller 9, Display Controller 10, Network Controller 5. Kumi na moja haipo kabisa kwenye orodha. Nilivyoiona hiyo safu nilitulia.

Windows ilipofunguka iliona kadi mahali papya, ikaomba dreva tena, nikaipa. Kwa majaribio tulitoa biti tukaacha mashine izunguke hewani, huku mimi natuma faili kubwa kutoka kwenye laptop mfululizo. Saa moja na nusu haikuganda. Jioni tukafunga biti, tukaweka ubao wa mkorosho usio na thamani, ua lote likakamilika.

Mzee Jampa na ndugu wa Mombasa, Mungu awazidishie.

#14 Bamia_Kavu

Nimejifunza kitu leo, naifuta kauli yangu ya Core i5.

#15 Tarakimu_77: IMERUDI

Wakuu naandika nikiwa karakana. Jumanne nzima, Jumatano nzima, kazi imekwenda. Leo Alhamisi asubuhi, dakika ya saba, imeganda tena. Bahati fundi alikuwa amesimama pembeni, ubao umepona. Hakuna mtu aliyefungua kompyuta, hakuna aliyeingia BIOS. Nimeangalia jedwali: Network Controller, 11.

Mimi sikuigusa. Nani kairudisha?

#16 MzeeWaJampa

Usiguse kitu. Niambie: jana usiku umeme ulikatika, au mtu alizima swichi ya ukutani? Na muulize fundi anayeiwasha asubuhi, kompyuta ikiwaka inamwonyesha nini kabla ya Windows, na yeye anabonyeza nini.

#17 Tarakimu_77

Mzee, umeme ulikatika kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri.

Nimemuuliza fundi. Amenijibu kama jambo la kawaida kabisa: "Ikitoka kukatika umeme huwa inaandika maneno, nabonyeza F1 inaendelea." Nikamwambia tuzime swichi ya ukutani tusubiri robo saa, tuwashe. Maneno yenyewe ni haya:

CMOS checksum error - Defaults loaded
Press F1 to continue, DEL to enter SETUP

Anabonyeza F1 kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumweleza maana yake.

#18 MzeeWaJampa

Basi umempata aliyerudisha. CMOS ndiyo kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS. Betri ya mazabodi imekufa. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, pawasapulai ya ATX inapitisha umeme mdogo unaoshikilia mipangilio ya BIOS. Ndiyo maana Jumanne na Jumatano mambo yalikuwa shwari. Umeme ukikatika inabaki betri peke yake, na betri haipo, mipangilio inafutika. "Defaults loaded" maana yake BIOS imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na ya kiwandani haijui habari za kadi yenu ya ISA. IRQ 11 ikagawiwa upya.

Na usimlaumu fundi. Miaka yote hiyo kubonyeza F1 hakukumdhuru kwa sababu hakukuwa na kadi nyingine ya kuichukua 11. Angalia pia tarehe ya kompyuta, utakuta iko nyuma kwa miaka.

Nunua CR2032, ile ya mviringo. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Kisha rudia mipangilio yote.

Ongeza na kufuli la pili ndani ya Windows. Kwenye orodha ya vifaa bofya neno Computer pale juu kabisa, Properties, ukurasa wa "Reserve Resources", chagua Interrupt, ongeza 11. Nilipaswa kukuambia hili tangu mwanzo.

#19 Kitasa

Tarehe kweli? Tarakimu tuambie inasoma ngapi.

#20 Tarakimu_77: MREJESHO WA PILI

Kitasa, ilikuwa inasoma Januari 1999.

Betri ya zamani niliipima kwa mita: 1.1 V. Mpya ikasoma 3.2. Nimeiweka, nimerudisha mipangilio yote ya BIOS, nimefunga 11 na ndani ya Windows. Kisha nikafanya jaribio nililoona ndilo la haki: nikachomoa waya wa umeme ukutani saa kumi jioni, nikauacha umening'inia mpaka kesho yake saa tatu asubuhi. Nilipowasha hayakutokea maneno yoyote. Jedwali: 9, 10, 5. Saa sahihi, tarehe sahihi.

Leo ni siku ya tisa. Umeme umekatika mara tatu kwa muda huo. Mashine haijaganda hata mara moja. Ule mlango wa mninga umechongwa upya juzi, nilisimama pale mpaka biti ilipoinuka kwenye jani la mwisho.

Ndani ya mfuniko wa kasha nimebandika karatasi kwa gundi, nimeandika kwa kalamu nzito: Kadi ya mashine (ISA): IRQ 11, anuani 300, jampa zisiguswe. Kadi ya mtandao: PCI ya tatu. BIOS: IRQ-11 Legacy ISA, PNP OS No. Betri CR2032, na tarehe niliyoiweka. Ukiona CMOS checksum error USIBONYEZE F1, piga simu. Na namba yangu chini yake. Fundi nimemsomea mstari kwa mstari, naye akanisomea mimi.

#21 MzeeWaJampa

Hiyo karatasi ingekuja na mashine kutoka huko Italia usingepata shida hii. Umefanya vizuri.

Sasa diski. GB 6.4 ya wakati ule imeshaishi sana. Programu ya mashine iko humo peke yake au kuna nakala?

#22 Tarakimu_77

Peke yake, mzee. CD haipo. Nimeagiza adapta ya pini 40 ya kuchomeka kadi ya CF (kadi ya kumbukumbu kama za kamera) mahali pa diski. Jumapili karakana imefungwa, nitaitoa diski niinakili sekta kwa sekta kwenye kompyuta nyingine. Kadi ya kwanza itatumika, ya pili itakaa kwenye droo ya mwenye karakana pamoja na betri ya akiba.

#23 PwaniHadiBara

Kabla hujaitoa diski, isikilize ikiwa inawaka. Ikigonga gonga, usiizime kwanza, toa faili za michoro na folda ya programu kwa FTP siku hiyohiyo.

#24 Tarakimu_77

Nimeisikiliza leo. Inavuma tu, haigongi. Folda ya programu nimeshaitoa kwa FTP hata hivyo, MB 14 tu, iko kwenye laptop na kwenye fleshi mbili.

Moderata, unaweza kuongeza neno IMETATULIWA kwenye kichwa cha uzi.